Bwindi: Msitu Uliosalia Ziwa Lilipokauka

Mkazi wa Kampala ashukaye Ggaba alfajiri kununua samaki, akayakuta maji yametanda mbele yake hata macho yakachoka kuufuata mwisho wao, humwia vigumu kusadiki kwamba Ziwa Viktoria liliwahi kutokuwapo. Walakini ndivyo ilivyokuwa. Wataalamu waliozamisha mabomba yao katika sakafu ya ziwa, wakavuta juu tope tabaka kwa tabaka, walikuta chini ya mashapo laini udongo mgumu wa nchi kavu, wenye athari za vijizizi vya majani. Na baada ya kuupima umri wake walitambua ya kuwa yapata miaka 17,000 iliyopita, katika ukame uliofuatana na Zama za Barafu, pale wapitapo leo wavuvi na vyombo vyao palikuwa pakavu, pameota nyasi. Maji hayakuanza kurudi ila kadiri ya miaka 15,000 iliyopita.

Hapo huzuka swali. Ikiwa ziwa lenyewe lilikauka, basi viumbe wa msituni, ambao hawastahimili jua kali wala upepo mkavu, walikwenda wapi? Sehemu kubwa ya jawabu imo katika pembe ya kusini-magharibi ya Uganda, mwendo wa karibu kutwa nzima kwa gari kupitia Masaka na Mbarara, katika msitu ambao maofisa wa Kiingereza, kwa kuona taabu ya kuupita, waliuandika katika daftari zao kuwa ni msitu usiopenyeka, na ambao jina lake la wenyeji ni Bwindi.

Hifadhi ya Bwindi ina kilomita za mraba 331 tu, na ardhi yake imekunjamana kama nguo iliyokamuliwa: vilima vimebanana, mabonde yamechongoka kwenda chini, na mteremko mmoja haujaisha ila wa pili umekwisha kuanza. Mahali pa chini kabisa ni mita 1,160 juu ya usawa wa bahari, na kilele cha Rwamunyonyi, upande wa mashariki, kimefika mita 2,607. Mito ya Ivi, Munyaga, Ihihizo na Ishasha huzaliwa humo ikaelekea Ziwa Edward, na kutoka huko maji hufuata mto Semliki hadi Ziwa Albert, ambako hukutana na Mto Nile uliotoka Jinja; hata mtu aweza kusema, pasipo kutia chumvi, kwamba maji ya ziwa letu na maji ya Bwindi ni ndugu waliozaliwa mbali mbali wakaja kujuana ukubwani.

Tofauti hiyo ya takriban mita 1,450 baina ya bonde la chini na kilele ndiyo iliyouokoa msitu. Dunia ilipopoa, miti ya juu ilishuka kwa vizazi kuifuata hali iliyoizoea, na miti ya chini ikajikusanya katika mabonde yenye unyevu; joto liliporejea, kila jamii ikapanda tena mahali pake. Mti hauna miguu, lakini mbegu yake huchukuliwa na ndege, na nyani, na tembo, na katika miaka elfu moja msitu waweza kuhama umbali ambao mtu huupita kabla ya adhuhuri. Katika nchi tambarare ingelazimu kuhama mamia ya kilomita ili kuipata baridi au joto la kadiri ile ile.

Ushahidi wa mambo haya umehifadhiwa katika kinamasi kiitwacho Mubwindi, kilichoko ndani ya hifadhi karibu na Ruhija. Wenyeji husimulia kwamba hapo zamani jamaa moja iliyokuwa ikihama kutoka upande wa kusini ilifika ukingoni mwa kinamasi ikashindwa kuvuka, na mizimu ya mahali pale ikadai sadaka. Ndipo wazee, baada ya siku za fadhaa, wakamtoa binti yao Nyinamukari, naye akazama majini, wakapita. Tangu hapo pakaitwa Mubwindi, yaani mahali pa giza pa Nyinamukari, na msitu wote ukarithi jina. Siwezi kuikumbuka hadithi hiyo pasipo huzuni, na kila niisomapo habari ya wanasayansi waliotoboa kinamasi kile, humkumbuka binti yule, maana nao walikwenda kutafuta kilichozama.

Walichokipata ni chavua. Kila mwaka miti humwaga ungaunga wa maua yake, upepo ukauchukua, na sehemu yake hutua majini na kuzama topeni, ambamo, kwa kukosa hewa, haiozi. Chembe ya chavua haionekani kwa macho matupu, lakini chini ya hadubini, chavua ya mti wa podo hutofautika na ya mti mwingine kama uso wa mtu na uso wa jirani yake. Tope la Mubwindi lina kumbukumbu ya zaidi ya miaka 40,000, na wasomaji wake, akina Rob Marchant, David Taylor na Alan Hamilton, walitangaza mwaka 1997 kwamba hata katika baridi ya Zama za Barafu msitu haukutoweka katika eneo lile: mimea ya nyanda za juu ilishuka ikachanganyika nao, basi. Bwindi, kwa hiyo, ni kimbilio, na neno hilo wataalamu hulitumia kwa maana yake halisi.

Ndiyo sababu msitu mdogo namna hii umesheheni viumbe. Ndege wake wamepita aina 340, miti yake imepita 160, na vipepeo ni zaidi ya 200. Miongoni mwa ndege yumo mmoja mdogo, wa rangi ya kijani kibichi, mwenye koo la buluu hafifu na mdomo mpana, ambaye ulimwenguni kote hupatikana Bwindi na katika milima michache ya mashariki ya Kongo tu. Wamo tembo wa msituni, wamo mbega na kima, na humo ndimo gorila wa milimani, ambao Wakiga, wenyeji wa huko, huwaita engagi, hukaa msitu mmoja na sokwe.

Kuhusu gorila hao mengi yameandikwa, na aghalabu ni juu ya ukubwa wa dume mwenye mgongo wa fedha. Mimi nimevutwa zaidi na habari ya chumvi. Watunzaji waliona kwa miaka mingi kwamba gorila wa Bwindi huliendea gogo lililooza, wakalimega, wakalitafuna hadi ufizi ukatoa damu, na kesho yake wakalirudia lile lile, wakiyapita magogo mengine pasipo kuyagusa. Ilidhaniwa kuwa ni dawa ya tumbo, au ni tamaa ya wadudu. Mwaka 2006 Jessica Rothman na wenzake walieleza kwamba katika magogo yanayopendwa mna sodiamu: mbao mbovu hazikufikia hata sehemu 4 katika 100 za chakula chao, lakini ziliwapatia zaidi ya sehemu 95 katika 100 za sodiamu yote waliyoila. Majani ya milimani, ambako mvua huosha udongo mwaka hata mwaka, hayana chumvi ya kutosha. Wanadamu wa Kigezi, nchi ya milima ulimo msitu huu, walikuwa na shida iyo hiyo, wakaitafuta chumvi yao katika ziwa la Katwe. Gorila, asiye na soko, aliigundua katika gogo.

Sheria ilianza kuulinda msitu mwaka 1932, ulipotangazwa kuwa hifadhi ya misitu katika sehemu mbili, Kasatora na Kayonza, lakini kulindwa huko hakukumzuia mpasua mbao. Uchunguzi wa miaka ya 1980 ulionyesha kwamba sehemu kama moja tu katika kumi ya msitu ilikuwa haijaguswa na msumeno, na katika vijito wachimbaji walikuwa wakichekecha dhahabu. Mwaka 1991 Bwindi ikafanywa hifadhi ya taifa, na mwaka 1994 UNESCO ikaiandika katika Urithi wa Dunia. Faida yake haina shaka. Hesabu ya mwaka 2018, iliyofanywa kwa kufuata vitanda vya majani ambavyo kila gorila hujitandikia upya kila jioni na kwa kupima kinyesi kilichoachwa humo, ilionyesha gorila 459 katika Bwindi na pori la Sarambwe lililopakana nayo upande wa Kongo, karibu nusu ya gorila wote wa milimani waliobaki duniani, ambao walikuwa 1,063.

Lakini kimbilio lililofunguliwa kwa wengine lilifungwa kwa Batwa. Hao waliishi humo kwa asali, mizizi na mawindo kabla hajafika mkulima yeyote, na sheria ya mwaka 1991 iliwatoa katika msitu ambao waliujua mti kwa mti, wakawa watu wasio na shamba wala pori, wakifanya vibarua pembezoni mwa kwao. Mwezi Agosti 2021 Mahakama ya Katiba, hapa Kampala, iliamua kwamba waliondolewa katika ardhi ya jadi yao bila ya kupewa haki yao, ikalipeleka shauri Mahakama Kuu kutafuta namna ya kuwafidia. Dhuluma ni dhuluma, na mimi siwezi kuyasifu maarifa ya chavua huku nikiyanyamazia maarifa ya watu waliojua gogo lipi lina nyuki.

Sasa liko jambo linaloninyima raha kila nitazamapo picha ya Bwindi iliyopigwa kutoka angani. Mpaka wa hifadhi umenyooka kama ulichorwa kwa kisu: upande huu msitu mweusi, na hatua moja tu mbele yake chai, migomba, mikalitusi, nyumba za bati. Wakulima hao hawana lawama, kwani ardhi yao ni haba na watoto wao ni wengi. Na tangu miaka ya 1990 baadhi yao wameruhusiwa kwa mapatano kuingia katika sehemu maalumu kuvuna dawa na nyuzi za kusukia vikapu, na kutundika mizinga. Lakini msitu ule ulisalimika mara ya kwanza kwa sababu ulikuwa na mahali pa kushukia na pa kupandia. Leo hii joto likizidi, miti ya chini itapanda. Miti ya juu nayo itataka kupanda, na juu ya Rwamunyonyi, penye mita 2,607, hakuna mlima mwingine. Ndege yule mdogo wa kijani tayari anaishi katika sehemu za juu za msitu.