Safari ya Wanachama Kwenda Jozani, na Habari za Kesi ya Kima

Ndugu Wanachama,

Katika Mkutano Mkuu uliopita, kama mnavyokumbuka, lilitolewa shauri kwamba chama chetu kipeleke barua kwa wakubwa, kuomba kima punju waondolewe katika mashamba yetu, na kile kipande cha msitu kilichobaki juu ya chemchemi kikatwe ili wasipate pa kulala. Shauri lile liliungwa mkono kwa sauti kubwa. Mimi Katibu wenu niliagizwa kuiandika barua, nami nikaiandika. Lakini mzee mmoja wa Halmashauri alisimama akasema, "Kabla ya kumshitaki mtu, nenda kwanza kwake ukamwone." Basi ikaamuliwa kwamba barua ingoje, na baadhi yetu waende Jozani, ambako ndiko kwenye kima wengi, wakaone kwa macho yao na wawaulize wakulima wenzetu wa huko. Haya ndiyo tuliyoyaona na kuyasikia.

NJIANI

Tuliondoka siku ya Jumamosi baada ya sala ya alfajiri, karafuu za vuli zikiwa zimekwisha kuanikwa na kuuzwa. Tulikuwa watu 24, wanaume 16 na wanawake 8, katika basi dogo la kukodi, na kila mmoja amejilipia nauli yake. Akina mama walichukua makapu ya boflo na maandazi, na birika mbili za chai ya mchaichai. Aliyekaa mbele karibu na dereva ni yule mzee wetu aliyeleta shauri la kuwafukuza kima. Nitamwita Mdai, nanyi nyote mnamjua.

Tulishuka mjini, tukapita Mwanakwerekwe, tukashika njia ya kusini. Kutoka mjini mpaka Jozani ni kama kilomita 35 tu, walakini mkulima akitazama dirishani huona kana kwamba amekwenda nchi nyingine. Kwetu udongo ni mwekundu na mzito, na jembe huzama. Baada ya Tunguu mawe yanaanza kuchomoza, na miti inakuwa mifupi, mpaka unafika uwandani, ambako mtu hupanda mhogo wake katika vijishimo vya udongo baina ya mawe. Mkarafuu huko hauoni. Mama mmoja akasema, "Sisi tunalalamika, kumbe hawa ndio wenye haki ya kulalamika."

Karibu na Jozani dereva wetu alikuwa akienda mbio, na ghafla akakuta tuta. Chai ilimwagika, na Mdai akagonga kichwa chake kwenye kioo, lakini hakuumia, alhamdulillahi. Baadaye tuliambiwa sababu ya matuta yale. Barabara hii yapita baina ya msitu na mashamba, na kima huivuka kila siku kwenda kutafuta chakula. Ilipotiwa lami magari yalizidi mwendo, na kima wengi wakawa wanakufa chini ya magurudumu. Matuta yalipowekwa vifo vilipungua, lakini havikwisha.

MSITU NA WENYEWE

Mlangoni tulipokewa na kijana mmoja mwongozaji, mzaliwa wa kijiji cha jirani. Alimwendea Mdai kwanza, kwa kuwa ndiye mkubwa wetu wa umri, akamwamkia, "Shikamoo, babu." "Marahaba, mwanangu," akajibu Mdai, "tumekuja kuwatazama wezi wetu." Kijana akacheka, akasema, "Karibu babu. Ukishawaona utaniambia wameiba nini."

Msitu wa Jozani ulifanywa kuwa msitu wa hifadhi mwaka 1960. Mwaka 2004 msitu, pamoja na mikoko ya Ghuba ya Chwaka, ulitangazwa kuwa hifadhi ya taifa, ya kwanza katika Zanzibar. Eneo lake ni kilomita za mraba 50. Mwaka 2016 UNESCO nayo ililiingiza katika orodha yake ya hifadhi za dunia za viumbe hai. Ndani ya msitu ni kivuli na baridi, hata joto la kaskazi mtu hulisahau. Maji yako karibu sana chini ya ardhi, na wakati wa masika hupanda juu yakatuama baina ya mizizi. Mitondoo mikubwa imesimama humo, nayo michikichi kadhalika.

Kima punju tuliwaona karibu zaidi nje ya msitu, katika mashamba upande wa kusini wa barabara. Walikuwa juu ya mkungu, wengine wamelala juu ya matawi, mikia ikining'inia. Mgongo mwekundu, uso mweusi, nywele nyeupe zimezunguka paji la uso kama kofia iliyochakaa. Kijana alituonyesha kwamba hana kidole gumba. Vidole vyake ni vinne. "Kwa hiyo msimchanganye na kima yule mwingine," alisema. "Yule wa kawaida ana kidole gumba, naye hula ndizi mbivu na mahindi na kila alipatalo. Kima punju tumbo lake haliwezi matunda mabivu yenye sukari. Yeye hula majani, machipukizi na matunda machanga."

Neno hili lilitushitua wengi. Katika barua yangu nilikuwa nimeandika "kima" tu, bila kueleza ni yupi, na miongoni mwa makosa niliyoyataja limo la kula ndizi.

Wazee wetu walimwita punju kwa ajili ya harufu yake, na kwa kudhani kwamba mti anaoulia hukauka. Wazungu walipata habari zake kwa John Kirk, Mwingereza aliyekaa Unguja katika karne ya 19, na jina lake la kitaalamu limetokana na huyo. Mnyama huyu asili yake ni kisiwa chetu hiki, pamoja na visiwa vidogo vilivyo karibu kama Uzi. Kwingineko duniani hayupo, illa wale wachache waliopelekwa msitu wa Ngezi, Pemba, katika miaka ya 1970. Hesabu kubwa iliyotolewa mwaka 2019 ilipata kima 5,862 katika makundi 342. Idadi hiyo ni kubwa kuliko ilivyodhaniwa zamani, lakini fikirini, ndugu zangu: hao ndio wote waliopo ulimwenguni, nao wangetosha kukaa katika vijiji vyetu viwili vitatu.

Tena tuliona jambo la ajabu. Kima mmoja alishuka mpaka mahali palipochomwa makaa, akaokota kipande, akakimbilia mtini akakitafuna kama mtu anayekula kashata. Kijana akaeleza kwamba majani ya miembe na mikungu yana vitu vikali vinavyosumbua tumbo, na makaa huvinyonya vitu hivyo. Mdai akasema, "Basi huyu ana akili kuliko mimi, maana mimi kwa tumbo langu nimekunywa dawa za kila duka."

KESI YA NAZI

Tulikaa chini ya mnazi kunywa chai, na wakulima watatu wa hapo wakaja kukaa nasi. Mdai akaanza kutoa madai yake bila ya kuzunguka: katika shamba lake minazi iliyo karibu na msitu huangusha vidaka kila siku, vingine vina alama za meno. "Kidaka kikiliwa leo," alisema, "nazi yangu ya kesho haipo."

Mkulima mmoja, mtu mzima wa makamo, akamjibu kwa heshima, "Mzee wangu, nasi tulisema hivyo hivyo. Tukaja kuhesabiwa." Akatuhadithia kwamba watafiti wawili, Kirstin Siex na Thomas Struhsaker, walikaa katika mashamba ya sehemu hizo wakichunguza jambo hilo, wakachapisha matokeo yao mwaka 1999. Waliona kwamba kima hula nazi ikiwa bado changa kabisa, haigusi ikishakomaa. Nanyi mnajua, ndugu zangu, kwamba mnazi hubeba vidaka vingi kuliko uwezo wake, na vingi huanguka vyenyewe kabla ya kuwa vitale, seuze madafu. Watafiti hao walipolinganisha, hawakuona kwamba mavuno yamepungua. Bali palipoliwa vidaka zaidi, ndipo palipovunwa nazi zaidi, kana kwamba kima alikuwa akiupunguzia mnazi mzigo.

Mdai alinyamaza kitambo. Halafu akauliza, "Na miembe je?"

Hapo yule mkulima hakumficha. Alisema kima wakikaa katika mwembe huumaliza machipukizi, na maembe machanga huyala. Hasara ipo, na mtu mwenye miembe miwili huiona kuliko mwenye ishirini. "Lakini sisi," alisema, "hatukuomba kima wafukuzwe. Tuliona wageni wanakuja kutoka nchi za mbali kuwatazama kima, na kima hao wanalishwa na mashamba yetu. Tukasema, basi na mwenye shamba apate haki yake." Wenye mashamba wakaungana, wakadai kwa pamoja, na ikakubaliwa kwamba sehemu ya kiingilio irudi vijijini kwa kazi za maendeleo, na sehemu iwaendee wenye mashamba ambayo kima hulisha humo. Hakusema kwamba fedha hizo zinatosha. Alisema kwamba bado wanabishana juu yake kila mwaka, na kwamba ni afadhali kubishana juu ya fungu ulilonalo kuliko kulilia usilolipata.

KATIKA MIKOKO

Kabla ya kurudi tulipelekwa penye mikoko, upande wa Pete, ambako pamejengwa njia ya mbao juu ya maji. Maji yalikuwa yakijaa, na kaa wadogo wakipanda mizizi. Kijana alitutajia mkoko, mkandaa na mchu, na namna kila mmoja ulivyochagua mahali pake kwa kadiri ya maji ya chumvi. Mizizi yake hushika tope lisichukuliwe na bahari, na samaki wachanga hujificha humo mpaka wapate nguvu. Wanakijiji wanajua kwamba mikoko ikikatwa yote kwa boriti na kuni, mvuvi ndiye wa kwanza kulala njaa.

Mama mmoja wetu, ambaye shamba lake liko chini ya ile chemchemi yetu, alisimama pale mbaoni muda mrefu akitazama maji. Halafu akaniuliza, "Katibu, katika ile barua uliandika kwamba tukate miti iliyo juu ya chemchemi?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Na maji tutayachota wapi?" Sikuwa na jibu. Hakuna aliyeuliza swali hilo siku ya Mkutano, nami niliyeshika kalamu sikuuliza.

MASHAURI

Tulirudi jioni, tukasali magharibi mjini, na njiani mazungumzo yalikuwa hayo hayo. Mdai hakusema kwamba ameshindwa, wala sisi hatukutaka aseme. Lakini tulipokaribia kwake aliniambia, "Mwanangu, weka alama minazi yangu 20, kumi ya karibu na msitu na kumi ya mbali. Tuhesabu vidaka vinavyoanguka na nazi zinazoangushwa, mwaka mzima. Kama kima ananila, nitakuja na hesabu, si na makelele."

Kwa hiyo Halmashauri inaleta mbele yenu mambo matatu. Kwanza, barua ya kuwafukuza kima ikae katika mtoto wa meza mpaka hesabu ya minazi itimie. Pili, kila mwenye kupata hasara ya miembe au migomba aandike siku, mti, na mnyama aliyemwona, kima punju au yule mwingine, alete kwa Katibu. Asiyejua kuandika amwite kijana wa nyumba ya jirani. Tatu, kile kipande cha msitu juu ya chemchemi kisiguswe, awe nani amwombaye.

Mtayapigia kura katika Mkutano ujao, nami sitawaambia mwamue nini. Illa nawaungamia jambo moja. Katika ile barua niliandika kwamba "nazi za wanachama zinaliwa zote." Niliandika hivyo bila ya kuhesabu hata nazi moja. Mwenye shamba aliyepimiwa karafuu zake bila mizani angepiga kelele, na ingekuwa haki yake.

Wassalaam,
Katibu wenu.