Mvua, Ardhi na Uhalali: Dini na Uongozi katika Milima ya Uluguru

Waluguru, wenyeji wa milima iliyo kusini mwa mji wa Morogoro, hawakuwa na mfalme mmoja kabla ya kuja kwa Wajerumani, lakini haikuwa kweli kwamba waliishi bila utawala. Madaraka yao yaligawanyika katika koo zinazofuata uzazi wa mama, na kila ukoo ulikuwa na matawi ambayo kwa Kiluguru huitwa tombo, neno linalotaja pia titi la mama, na kila tawi lilikuwa na mkuu wake aliyeitwa mndewa. Mndewa hakuwa na askari wala gereza. Kazi yake ilikuwa kugawa ardhi, kusuluhisha ugomvi wa jamaa na kuongoza tambiko, yaani sadaka na maombi yanayopelekwa kwa mizimu ya wazee waliokwisha kufa, na aliposimikwa alirithi pia jina la mwanzilishi wa tawi lake, hata wajukuu wakawa wanaongozwa na mtu mwenye jina lilelile walilolitii mababu zao.

Katika mpangilio huo si rahisi kuonyesha mahali dini inapoishia na siasa inapoanzia. Mtu wa ukoo mwingine aliyetaka kulima alikwenda kwa mndewa kuomba shamba, na baada ya mavuno alipeleka ngoto, fungu dogo la mazao ambalo halikulingana na thamani ya ardhi na wala halikukusudiwa kulingana nayo, kwa kuwa lilikuwa ishara ya kukiri kwamba ardhi ile ina wenyewe, na kwamba baadhi ya wenyewe hao wamelala chini yake. Mndewa aliipokea kwa niaba ya wafu, wazima na watakaozaliwa, na kwa sababu hiyo hakuweza kuiuza ardhi hiyo kama mali yake binafsi, wala kumnyima jamaa yake mahali pa kulima bila kuulizwa na wazee wenzake.

Juu ya madaraka hayo ya ukoo yalikuwapo madaraka ya mvua. Kinole, upande wa mashariki wa milima, ndiko alikoishi Kingalu, mwenye cheo cha kurithiwa ambaye sifa yake ya kuomba mvua ilivuka mipaka ya ukoo wake na kumpa heshima kwa watu ambao hakuwatawala kwa namna nyingine yoyote. Katika milima hiyohiyo limo pango la Kolelo, mzimu uliosadikiwa kuwa na umbo la nyoka mkubwa, ambao Wazaramo wa nchi ya chini karibu na pwani nao waliusafiria ili kuomba mvua na rutuba. Mwaka 1905, wakati vita vya Majimaji vilipokuwa vinakaribia, ilienea habari miongoni mwa Wazaramo kwamba Kolelo amekataza kulipa kodi kwa Wajerumani, na hapo pango la kuombea mvua likawa limetoa tamko la kisiasa lililo zito kuliko tamko lolote ambalo mkuu wa ukoo angeweza kulitoa kwa kinywa chake.

Linalopaswa kuzingatiwa ni kwamba madaraka ya namna hii hubeba deni ndani yake. Anayetiiwa kwa sababu huleta mvua ataulizwa mvua isiponyesha, na anayepokea ngoto kwa niaba ya mizimu atalaumiwa akiigawa ardhi kwa upendeleo. Wataalamu wa siasa huita uhalali ile imani ya watawaliwa kwamba anayewaamuru anastahili kutiiwa, na katika Uluguru ya zamani dini ilikuwa chemchemi ya uhalali na wakati huohuo ilikuwa kipimo chake, kwa maana kwamba imani ileile iliyompandisha kiongozi ndiyo iliyowapa watu haki ya kumhoji.

Utawala wa Kiingereza, uliofuata ule wa Wajerumani, uliivunja nusu moja ya mpango huo na kuibakiza nusu nyingine. Katika miaka ya 1920 Waingereza walianzisha mfumo wa kutawala kwa kupitia viongozi wa wenyeji, na kwa kuwa mfumo huo ulihitaji ngazi moja ya amri kutoka juu hadi chini, mahali pasipokuwa na mfalme palilazimika kupatiwa sultani. Kufikia miaka ya 1950 Uluguru ilikuwa na sultani mmoja na watumishi chini yake waliolipwa mshahara, huku wandewa, ambao ndio waliokuwa na ardhi na matambiko mikononi, wakiwekwa kando ya serikali. Cheo kilibaki na sura ya kienyeji lakini deni lake likahama, kwa sababu kiongozi anayelipwa na bwana shauri, yaani mkuu wa wilaya wa kikoloni, huwajibika kwa bwana shauri.

Matokeo yake yalionekana katika mpango wa matumizi ya ardhi ya Uluguru ulioanza mwaka 1950. Kusudi lake halikuwa baya: miteremko ilikuwa ikimomonyoka, na vijito vya milima hii ndivyo vinavyoulisha mto Ruvu, unaoipatia Dar es Salaam maji yake hadi leo. Njia iliyochaguliwa ilikuwa kuwaamuru wakulima wachimbe matuta ya ngazi, na asiyechimba alitozwa faini. Kuchimba tuta la namna hiyo ni kukata ubavu wa mlima kwa jembe, kuuvuta udongo kwenda chini hadi upatikane ubapa mwembamba, kisha kupanda ngazi nyingine na kuanza upya. Katika miteremko ya mashariki, ambako udongo wenye rutuba ni tabaka jembamba tu, kazi hiyo iliufukia udongo mzuri na kuuleta juu ule usio na rutuba, kwa hiyo mkulima aliyetoa jasho lake kwa amri aliona mahindi yake yakidhoofu kuliko ya mwaka uliotangulia. Tena ardhi yenyewe mara nyingi haikuwa yake bali ya ukoo aliouomba, na tuta la kudumu juu ya shamba la kuomba lilizua swali zito: je, aliyechimba angeweza kesho kudai kwamba ardhi ni yake?

Swali hilo lilikuwa la wandewa, lakini wandewa hawakuulizwa. Mwezi Julai 1955 hasira ililipuka huko Matombo, polisi wakaitwa, mtu mmoja akauawa kwa risasi, na mpango wa matuta ukaachwa. Matombo ni mahali penye misheni kongwe ya Kanisa Katoliki iliyojengwa na mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu, na miteremko hiyo ya mashariki ina Waislamu wengi pia, lakini mgogoro ule haukuwa wa dini moja dhidi ya nyingine, kwa kuwa ukoo ulikuwa na watoto wake msikitini na kanisani, na ardhi ilikuwa ya wote. TANU, chama cha kupigania uhuru kilichoundwa tarehe 7 Julai 1954, kilikuta katika milima hiyo watu waliokwisha kufikia uamuzi wao kuhusu uongozi usiowajibika kwao.

Mwaka huohuo wa 1955, mwezi Desemba, katika mji wa Montgomery, jimbo la Alabama nchini Marekani, watu weusi waligoma kupanda mabasi yaliyowatenga kwa rangi, na mgomo wao ukadumu siku 381. Mikutano yao ilifanyika makanisani, magari ya kusaidiana yaliendeshwa kwa michango ya waumini, na kiongozi aliyechaguliwa alikuwa mchungaji wa Kibaptisti mwenye umri wa miaka 26, Martin Luther King. Watu hao walikuwa wamenyimwa kura kwa hila nyingi, kwa hiyo kanisa ndilo lililokuwa baraza lao, hazina yao na shule yao ya uongozi. Ingawa Montgomery na Matombo hazikujuana, zote mbili zinaonyesha kwamba mahali ambapo serikali imewafungia watu milango ya siasa, uongozi wenye uhalali huendelea kuishi katika taasisi za imani na za ukoo.

Marekani inaonyesha pia upande wa pili wa uhusiano wa dini na uongozi. Katiba yake inakataza kuweka sharti la dini kwa anayetaka cheo cha umma, na marekebisho ya mwaka 1791 yanalizuia Bunge kuanzisha dini ya taifa au kuzuia ibada, lakini desturi imekuwa na nguvu kuliko maandishi, hata mwaka 1960 John Kennedy, Mkatoliki aliyegombea urais, alilazimika kwenda Houston kuwaeleza wachungaji wa Kiprotestanti kwamba hatapokea maagizo ya kisiasa kutoka kwa kanisa lake. Mwaka 1979 mchungaji Jerry Falwell aliasisi jumuiya iliyowahamasisha waumini wahafidhina kupiga kura, na tangu hapo imani imekuwa kwa wagombea wengi kitambulisho cha kambi. Hapo ndipo hatari ilipo, kwa sababu mpiga kura anayemwona mgombea kuwa mwenzake katika ibada huwa mwepesi wa kumsamehe makosa ambayo asingemsamehe mwingine, na dini huacha kuwa kipimo cha kiongozi ikawa ngao yake.

Tanzania ilichagua njia yake. Madaraka ya machifu yalifutwa mwaka 1963, na Katiba inalinda uhuru wa mtu kuamini dini aitakayo, huku ikikataza kusajiliwa kwa chama cha siasa chenye lengo la kukuza maslahi ya dini moja. Kutenganishwa huko kwa dini na serikali hakumaanishi kutofahamiana. Katika mji wa Morogoro, Chuo Kikuu cha Waislamu kilianzishwa katika majengo yaliyokuwa chuo cha mafunzo cha TANESCO, ambayo serikali ya Rais Benjamin Mkapa iliyatoa kwa Waislamu, na vyuo vya Kikatoliki vipo katika mji uleule. Serikali na taasisi za dini zinashirikiana kusomesha na kutibu raia bila serikali kuwa ya dini yoyote.

Lakini sheria peke yake haiwezi kuzuia heshima ya dini isigeuzwe kuwa kinga ya mwanasiasa. Kazi hiyo ni ya viongozi wa dini wenyewe na ya waumini wao. Mgombea anapoingia msikitini au kanisani kuomba dua, apewe dua, kwa kuwa kumwombea kiongozi ni jambo jema. Lakini akitoka nje aulizwe habari za ardhi, maji, shule na zahanati, kama mwenye mvua alivyoulizwa habari za mvua. Uluguru inafundisha kwamba uongozi uliobarikiwa ni uongozi unaodaiwa, na raia asiyedai deni hilo hamsaidii kiongozi wake wala haitendei haki imani yake.