Rejeta Inayotema Maji na Jiwe la Mangapwani

Pango la Mangapwani, kiasi cha kilomita 20 kaskazini mwa Mji Mkongwe wa Zanzibar, lina maji yasiyo na chumvi ingawa bahari iko karibu. Wenyeji husimulia kwamba liligunduliwa na kijana mtumwa aliyekuwa akimtafuta mbuzi aliyepotea. Kwa mtu anayemiliki gari la zamani, tuseme Land Rover au Peugeot 404, pango hilo lina somo jingine.

Mvua inapopenya udongoni huchukua kaboni dayoksaidi, ikawa asidi dhaifu, ikaanza kulila jiwe la matumbawe kidogo kidogo. Hivyo ndivyo mapango ya namna hii yanavyochimbika, na hivyo ndivyo maji yanayopita katika jiwe hilo yanavyobeba chokaa isiyoonekana kwa macho. Yakipashwa moto, kaboni dayoksaidi hutoka na chokaa hurudi kuwa jiwe. Ule ukoko mweupe ulioganda ndani ya birika la chai ndio huohuo unaojijenga ndani ya vijia vyembamba vya rejeta. Shaba ya rejeta hupitisha joto mamia ya mara kuliko ukoko huo, kwa hiyo hata utando mwembamba unatosha kuizuia isifanye kazi yake.

Malalamiko ya wenye magari haya yanafanana: ukimaliza safari na kuzima injini, maji yanamwagika chini kupitia mpira mdogo ulio shingoni mwa rejeta. Fundi mwenye haraka atakwambia gasketi ya hedi imeungua. Huenda ni kweli, lakini hiyo ni kazi ya gharama kubwa, na haifai kuwa dhana ya kwanza.

Maji yakipanda joto kutoka nyuzi 30 hadi 90 za Selsiasi, ujazo wake huongezeka kwa takriban asilimia 3. Mfumo unaobeba lita 10 utahitaji nafasi ya karibu theluthi moja ya lita. Magari mengi ya miaka ya 1950 na 1960 hayana chupa ya kupokea maji hayo na kuyarudisha injini ikipoa. Ziada inamwagwa barabarani. Ukijaza hadi mdomoni, rejeta itatema sehemu yake kisha itatulia. Mwenye gari akiona pengo asubuhi anajaza tena, jioni inatema tena. Hapa ndipo jambo lisilo ugonjwa linapogeuka ugonjwa, maana kila dumu la maji ya kisima linaleta chokaa mpya. Maji yakijazwa mara moja tu yataacha ukoko mdogo sana. Yakiongezwa kila siku kwa miaka, yataziba rejeta nzima, na gari litachemsha kwelikweli.

Baada ya kiwango cha maji, kagua mfuniko. Huu si kizibo tu. Una springi inayoyabana maji ili yasichemke kwenye nyuzi 100. Mgandamizo wa nusu angahewa tu juu ya ule wa kawaida unapandisha kiwango cha kuchemka hadi nyuzi 111 hivi. Springi ikichoka au mpira wake ukipasuka, maji yanatoka mapema ingawa injini ni nzima. Katikati yake kuna vali ndogo ya kuingiza hewa injini inapopoa. Ikiganda, utaukuta mpira wa juu wa rejeta umebonyea kama umefyonzwa. Usiufungue mfuniko injini ikiwa ya moto: mgandamizo ukishuka ghafla, maji yaliyopita nyuzi 100 hugeuka mvuke papo hapo na kukuunguza uso.

Halafu papasa rejeta kwa kiganja, injini ikiwa imepashwa moto kisha ikazimwa. Sehemu iliyobaki baridi wakati jirani yake inachoma imezibwa na ukoko.

Gasketi ije mwisho, nayo ina dalili zake. Washa injini ikiwa baridi, mfuniko ukiwa wazi. Mapovu yasiyokoma, au mpira wa juu kuwa mgumu muda mfupi tu baada ya kuwasha mfuniko ukiwa umefungwa, huonyesha kwamba gesi ya silinda inavujia kwenye maji. Kipo pia kipimo cha kimiminika cha buluu kinachogeuka njano kikikutana na kaboni dayoksaidi ya moshi.

Kuna desturi moja inayonisikitisha: kung'oa thamostati kwa hoja kwamba nchi yetu ni ya joto. Katika injini kadhaa, thamostati ikifunguka huziba pia njia ya mkato. Ikiondolewa, sehemu ya maji ya moto hurudi injini bila kupita kwenye rejeta, na tatizo lililokusudiwa kutibiwa linaongezeka. Nayo injini isiyofikia joto lake huchakaa haraka na kula mafuta mengi.

Kwa gari la kisiwani, ushauri wangu ni maji yaliyochujwa kwa mvuke, ya aina inayouzwa kwa ajili ya betri, pamoja na kulanti inayofaa injini ya zamani. Acha pengo la vidole viwili chini ya shingo ya rejeta. Na kabla hujakubali hedi ifunguliwe, nunua mfuniko mpya wenye mgandamizo ulioandikwa katika kitabu cha gari lako, uendeshe nao kwanza.