Kichakataji Kinaposhindwa Kufikia Kasi Iliyokusudiwa

Mwezi wa Agosti 1998 kampuni ya Intel ya Marekani ilitoa sokoni kichakataji cha bei nafuu kilichoitwa Celeron 300A. Kichakataji ni kile kipande cha silikoni kinachofanya hesabu za kompyuta, na hiki kiliandikiwa kiwandani kasi ya megahezi 300, yaani mapigo milioni 300 kwa sekunde. Haukupita muda mrefu kabla ya wapenzi wa kompyuta kugundua kwamba vingi vya aina hiyo vingeweza kuendeshwa kwa megahezi 450, kasi iliyouzwa kwa bei kubwa zaidi. Vingi, lakini si vyote. Vingine viliishia njiani, na mara nyingi kichakataji kilihukumiwa kwa kosa la chombo kingine.

Ili jambo hili lieleweke, yafaa kujua kasi hiyo hupatikanaje. Ubao mkuu wa kompyuta hutoa mapigo ya msingi, nacho kichakataji huyazidisha. Katika Celeron 300A mapigo ya msingi yalikuwa megahezi 66 na sehemu kidogo, na kizidisho kilikuwa 4.5. Kizidisho kilifungwa kiwandani, kwa hiyo ilibaki njia moja tu, nayo ni kupandisha mapigo ya msingi hadi 100. Lakini mapigo hayo ndiyo yanayoendesha kumbukumbu, na yakigawanywa huendesha pia njia ya PCI, ambayo hupitisha habari za diski na kadi nyinginezo. Aliyedhani anajaribu chombo kimoja, kumbe alikuwa anavijaribu vyote kwa pamoja.

Hapo ndipo palipokuwa na mtego. Mtu mwangalifu alipanda hatua kwa hatua: 66, 75, 83, kisha 100. Alipofika 83, sawa na megahezi 375 hivi, kompyuta iliganda au diski ikaharibu mafaili, naye akakata shauri kwamba kichakataji kimefika kikomo. Sivyo. Njia ya PCI ilibuniwa kwa megahezi 33. Mapigo 66 yakigawanywa kwa 2 hutoa 33; 100 yakigawanywa kwa 3 hutoa 33 vilevile. Lakini katika mbao nyingi za wakati ule 83 yaligawanywa kwa 2, na diski ikalazimishwa kwenda kwa zaidi ya 41. Kichakataji kilichoonekana kushindwa katika 375 kiliweza kufanya kazi salama katika 450. Ni nadra kuikuta ngazi ambayo kipandio chake cha katikati ni kibovu kuliko cha juu.

Mshukiwa wa pili ni kumbukumbu. Iliyotengenezwa kwa megahezi 66 haina ahadi yoyote katika 100, na dawa yake ni kuazima nyingine iliyothibitishwa na kujaribu tena.

Vikishatengwa hivyo, ndipo kichakataji chenyewe kichunguzwe. Katika megahezi 300 ishara ina nanosekunde 3.3 za kupita katika transista zake kabla ya pigo linalofuata. Katika 450 imebakiwa na 2.2. Kuongeza volti kutoka 2.0 hadi 2.2 huziharakisha transista, lakini joto huongezeka kwa kadiri ya kasi na kwa kipeo cha pili cha volti, hivyo linafika karibu mara 1.8 ya lile la awali. Na joto nalo huzichelewesha transista. Mwenye feni dhaifu huongeza volti akapata hali mbaya zaidi. Isitoshe, feni haiwezi kupoza kuliko hewa inayoivuta: katika chumba chenye nyuzi 33, jambo la kawaida Dar es Salaam au Mombasa, nyuzi 13 zimekwisha kupotea ukilinganisha na chumba chenye nyuzi 20.

Kosa la hatari si lile la kompyuta kuzimika, bali lile lisiloonekana. Mashine yaweza kuwaka siku nzima huku ikijumlisha vibaya na kuhifadhi hesabu hizo katika diski. Programu ya kutafuta namba tasa za Mersenne, iliyoanzishwa na George Woltman mwaka 1996, ina jaribio linalolinganisha hesabu za mashine na majibu yanayojulikana. Tofauti ndogo tu yatosha kuifichua. Nakala za kazi zitolewe kabla ya jaribio lolote, hasa ikiwa kompyuta ndiyo pekee ofisini.

Tangu Pentium 4 ya mwaka 2000, vichakataji vya Intel hujipunguzia kazi vyenyewe vikipata joto kupita kiasi. Kwa sababu hiyo kompyuta za siku hizi huenda zisigande kabisa. Kasi iliyowekwa huonekana mashine ikiwa imepumzika, kisha hushuka kimyakimya kazi nzito inapoanza, na wa kwanza kuchunguzwa hapo ni kipimajoto.