Acheni Kumkimbilia Mgeni Rasmi

"Mwalimu, nifanye nini ili mkubwa anikumbuke?" Swali hili naletewa hapa Kisangani na vijana wa Makiso, na akina mama wa Mangobo, na hata watu wazima wenye depo zao Kabondo, kila mkutano wa wafanyabiashara unapokaribia, uwe wa vyama vya wafanyabiashara kama FEC na COPEMECO, au wa mradi wowote wenye mabango na chupa za soda. Nalijibu hapa kwa urefu ili nisiulizwe tena. Katika ukumbi wote, mgeni rasmi mnayemkimbilia ndiye mwenye nafasi ndogo kuliko wote ya kuwaletea mteja.

Mtazameni kwa makini. Anaingia amechelewa, anasoma hotuba, anapigwa picha, anaondoka kabla ya chakula. Hanunui mawese kwa madumu. Hajui mchele unauzwaje Isangi wiki hii, wala boti gani imepakia kwenda Kinshasa. Kadi yako anaipokea msaidizi wake, pamoja na nyingine nyingi za siku hiyo. Wewe unarudi nyumbani na picha kwenye simu.

"Hiyo picha ndiyo kinga," mtaniambia. Naijua imani hiyo: biashara haisimami bila mwavuli, yaani bila jina la mkubwa la kutaja mtu wa kodi anapobisha hodi. Hofu yenyewe naielewa, maana wanaobisha hodi ni wengi na si wote wenye haki ya kudai. Lakini mwavuli una mwenyewe, na mwenyewe huhamishwa. Tangu Tshopo yetu iwe jimbo mwaka 2015, magavana wamepokezana kiti mara kadhaa. Aliyejitambulisha kwa jina la aliyeondoka anaanza vibaya na aliyeingia. Mbele ya mdai ushuru, cheti cha RCCM (usajili wa biashara), namba ya kodi na risiti za malipo vina uzito ambao picha haina.

Na mji huu una ushahidi kwamba kujuana na wakubwa hakutoshi. Tarehe 30 Novemba 1973 Rais Mobutu alitangaza kwamba maduka, mashamba na biashara za wageni zingekabidhiwa raia. Hapa Kisangani waliokuwa na mali hizo walikuwa Wagiriki, Wareno, Wahindi na wengineo. Waliozipata wengi walikuwa watu wa siasa na jamaa zao, watu waliojuana na wakubwa kuliko mfanyabiashara yeyote anayeniandikia leo. Matokeo? Wengi waliuza bidhaa zilizokuwa rafuni, hawakuagiza nyingine, wakafunga. Mwaka 1976 ikabidi serikali iwaruhusu wenye mali wa zamani warudi kuchukua sehemu ya mali zao.

Miaka michache baadaye mtafiti Janet MacGaffey alikuja kuchunguza wafanyabiashara wa mji huu huu, na kitabu chake kikatoka mwaka 1987. Aliowakuta wanajenga biashara za kudumu hawakuutegemea ukaribu na serikali. Walikuwamo wafanyabiashara Wanande walioleta maharagwe na mboga kwa malori kutoka Kivu, na akina mama waliouza kwa jumla bidhaa za mtoni. Nguvu yao ilikuwa ni kumjua dereva asiyeiba, mwenye ghala anayesema kweli kuhusu gunia lililolowa, na mnunuzi anayelipa mzigo ukifika. Hakuna kati ya hao anayeketishwa meza ya mbele.

Mwaka uleule wa tangazo la Mobutu, 1973, huko Marekani, mtafiti Mark Granovetter alichapisha utafiti ambao kila mwandaaji wa mikutano angepaswa kuusoma. Aliwauliza watu waliokuwa wamepata kazi kupitia mtu wanayemjua: huyo mtu mlikuwa mkionana mara ngapi? Zaidi ya 8 kati ya 10 walijibu mara mojamoja, au kwa nadra sana. Sababu yake iko wazi. Ndugu yako na jirani yako wa sokoni wanasikia unayoyasikia wewe. Habari mpya inatoka kwa mtu wa mzunguko mwingine: fundi wa boti wa Lubunga, mwalimu mwenye shamba Yangambi, karani wa ghala ambaye mmesalimiana tu. Hao wamo ukumbini, nanyi mnawapita mkielekea jukwaani.

Msiopanga foleni jukwaani nanyi mna kosa lenu: mnaketi na mliokuja nao kwa pikipiki moja. Watafiti Paul Ingram na Michael Morris, mwaka 2007, walichapisha utafiti juu ya hafla ya mameneja waliovalishwa beji za kielektroniki zilizorekodi nani kaongea na nani. Walikuwa wamesema wanataka kukutana na watu wapya. Beji zikaonyesha wakiwaendea zaidi wale waliowafahamu tayari.

Basi, yanayofaa, kwa haraka. Fika kabla ya saa iliyotajwa, ukumbi ukiwa bado na watu wachache na mwandaaji akiweza kukwambia nani anakuja. Uwe na sentensi moja yenye kiasi, mahali na wakati: "Natafuta magunia 20 ya mchele usio na mawe kila mwezi, yafike bandarini." "Ninafanya biashara mbalimbali" haimsaidii mtu kukusaidia. Keti meza ambayo humjui mtu. Uliza mzigo wake hukwama wapi, kisha nyamaza usikilize. Watu 3 wanatosha. Andika nyuma ya kadi ya kila mmoja mlichoongea. Ukiona wawili wanaohitajiana, wakutanishe hata kama wewe hupati kitu. Usiombe mkopo wala bidhaa kwa deni siku hiyo. Usiku uleule tuma ujumbe unaotaja neno mlilozungumza, na ndani ya wiki pendekeza oda ndogo ya majaribio, ilipwe mzigo ukipokelewa. Hakikisha jina la akaunti yako ya M-Pesa, Airtel Money au Orange Money linafanana na la kwenye kadi, maana wengi hupoteza mteja hapo. Na kama kiingilio kinakushinda, anza na likelemba yako, kikundi chako cha kuchangiana fedha: mwombe kila mwanachama akupeleke kwa mtu mmoja usiyemjua, ambaye ananunua au anauza unachohitaji.