Mwenye Kisukari, Lengo Lako ni Namba Gani?

Wenzetu wenye kisukari wakirudi zahanati husema, "Daktari ameniambia nishushe sukari." Ishuke hadi wapi? Wengi hawana jibu. Kwetu hiyo ni sawa na kukata miwa bila kupimiwa kipande.

Kwa watu wazima wengi, lengo la asubuhi kabla ya kula ni kati ya 4.4 na 7.2, saa moja au mbili baada ya chakula, isifike 10. Mashine nyingine husoma kwa miligramu, na hapo 7.2 huonekana kama 130, basi usitishike kabla ya kuuliza. Kipimo kingine, HbA1c, huonyesha wastani wa miezi miwili mitatu, na lengo lake ni chini ya asilimia 7. Hicho hakidanganyiki kwa kushinda na njaa siku moja kabla ya kliniki.

Uchunguzi wa Uingereza ulioanza 1977 na kutangazwa 1998 ulionyesha kwamba waliokuwa kwenye 7 walipata madhara ya mishipa midogo, hasa ya macho, pungufu kwa robo kuliko waliokuwa kwenye 7.9. Lakini huko Marekani wagonjwa wenye hatari ya moyo walipojaribiwa kushushwa chini ya 6, vifo vilizidi, na matibabu hayo yakasimamishwa 2008.

Kwa hiyo usiazime namba ya jirani. Mzee mwenye maradhi mengine huenda akawekewa chini ya 8. Na kazi yako pia ihesabiwe. Anayetumia insulini, akiwa shambani tangu alfajiri bila chai, sukari yaweza kuporomoka chini ya 4: jasho, kutetemeka, kuchanganyikiwa, na panga liko mkononi. Mnyapara atasema amelewa! Apewe upesi vijiko vidogo 3 vya sukari katika maji, apumzike dakika 15, na asipopata nafuu arudiwe. Akizimia asinyweshwe kitu, akimbizwe hospitali.

Mweleze daktari zamu yako, mashine unayosimamia, na saa unayokula. Daktari hawezi kujua kwamba zamu ya usiku hupata chakula saa nane.

Nasi tunadai kwa waajiri mwenye kisukari aruhusiwe kusimamisha kazi ale, na insulini yake iwekwe mahali pa baridi. Aliyekatazwa amwone mwakilishi wa tawi lake.