Trekta Kuukuu Likikataa Kuwaka: Pima Kwanza, Nunua Baadaye

Londiani iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi za huku ni za baridi. Baridi hupunguza nguvu ya betri na kufanya oili ya injini kuwa nzito, ndiyo maana trekta la miaka mingi hugoma alfajiri, wakati mvua za Machi zimekaribia na shamba halijalimwa. Mkulima asipopima, huenda akanunua betri mpya ilhali kasoro iko kwenye waya.

Trekta la zamani la dizeli, kama vile Massey Ferguson 135 lililoanza kutengenezwa mwaka wa 1964, huhitaji umeme kuwashwa. Likishanguruma, injini hujiendesha kwa dizeli pekee. Kwa sababu hiyo, kasoro ya umeme huweza kujificha mchana kutwa na kujitokeza siku inayofuata.

Mkulima aliye na mita ndogo ya kupimia umeme anaweza kufuata hatua hizi.

1. Betri. Ipimwe ikiwa imepumzika usiku kucha. Betri ya volti 12 iliyojaa husoma takriban volti 12.6. Ikisoma chini ya 12, imeisha chaji. Ichajiwe kisha ipimwe tena kabla ya kuitupa. Sigara na moto viwekwe mbali, kwani betri inayochajiwa hutoa gesi inayolipuka.

2. Vichwa vya betri. Unga mweupe au wa kijani huzuia umeme kupita. Waya uliofungwa kwenye mwili wa trekta utolewe kwanza na urudishwe mwisho. Vichwa visuguliwe kwa msasa, vikazwe, kisha vipakwe grisi.

3. Waya wa mwili. Ncha moja ya mita iguse kichwa cha betri chenye waya huo, nyingine iguse chuma kitupu cha injini, mtu mwingine akiwasha akiwa ameketi kwenye kiti. Mita ikisoma zaidi ya nusu volti, umeme unapotea njiani. Maungio yasafishwe hadi chuma king'ae, au waya ubadilishwe.

4. Stata. Ikilia "tik" na kunyamaza ilhali betri na waya ni sawa, fundi aikague stata pamoja na solenoidi yake. Isipolia kabisa, akague swichi ya ufunguo na, kwa matrekta yaliyo nayo, swichi ya usalama inayozuia stata kuzunguka gia ikiwa imeingia.

5. Chaji. Injini ikinguruma, betri inapaswa kusoma kati ya volti 13.8 na 14.4 hivi. Ikibaki pale pale ilipokuwa kabla ya kuwasha, mkanda umelegea au altaneta haichaji. Betri mpya nayo itaisha vivyo hivyo.

Matrekta ya zamani sana yanahitaji uangalifu zaidi. Ferguson TE20, lililotengenezwa Uingereza kati ya 1946 na 1956, lilifungwa waya chanya kwenye mwili, kinyume cha magari ya leo. Anayebadilisha betri asifuate mazoea. Aangalie kwanza jinsi ya zamani ilivyofungwa.

Onyo la bisibisi

Kuna wanaowasha trekta wakiwa wamesimama chini, kwa kuunganisha vichwa vya stata kwa bisibisi. Jambo hili linaua. Njia hiyo huiruka swichi ya usalama, hivyo gia ikiwa imeingia, trekta huondoka papo hapo na gurudumu la nyuma humkanyaga aliye mbele yake. Trekta liwashwe na mtu aliyeketi kwenye kiti, breki ikiwa imefungwa na gia ikiwa imetolewa. Kuliachilia mteremkoni ili liwake pia ni hatari: injini isipowaka, breki zilizochakaa huenda zisilizuie.

Wakulima wanahimizwa kufanya ukaguzi huu wiki kadhaa kabla ya msimu, na kuandika vipimo kwenye daftari. Fundi akiitwa, aonyeshwe nambari hizo. Zitampunguzia kazi ya kubahatisha, na mkulima hatalipia kifaa ambacho hakikuwa kimeharibika.